Moto Uliokuwa Ndani ya Baba

Nilipokuwa na umri wa kutumwa dukani lakini si wa kuulizwa maoni, nyumbani kwetu katika mtaa wa Makina hapakuliwa kitu bila kwanza kujulikana kama ni cha moto au cha baridi. Sisemi moto wa jiko. Uji uliotoka jikoni ukifuka moshi uliweza kuwa wa baridi, na soda iliyotolewa kwenye friji ya dukani, chupa ikitoka jasho, ilikuwa ya moto kabisa. Jambo hilo kwetu halikuwa na ubishi, kama vile Jumapili isivyo na ubishi kuwa ni siku ya kanisa. Nilishangaa nilipoanza shule na kugundua kwamba watoto wengine walikula tu.

Mwenye elimu hiyo alikuwa Kukhu. Ndivyo sisi Waluhya tunavyomwita nyanya. Alikuwa mama yake baba. Alitoka Magharibi akiwa msichana, akaajiriwa kupika katika nyumba ya Wahindi kule Parklands, na akapika humo mpaka mvi zikamtoka. Katika nyumba hiyo kulikuwa na bibi mzee ambaye kila mtu alimwita Ba. Ba hakuweza tena kusimama jikoni kwa muda mrefu, kwa hiyo alikaa kwenye kiti mlangoni na kumwelekeza Kukhu kwa kidole. Tangawizi ni moto. Tango ni baridi. Mayai, samaki, kitunguu saumu, asali, papai, vyote moto. Ndengu, samli, dania, nazi, maziwa, baridi. Mwenye homa asipewe cha moto. Mama aliyejifungua asipewe cha baridi. Na watu nao wamegawanyika hivyo hivyo, wa mwili wa moto na wa mwili wa baridi, na mpishi asiyeijua tofauti hiyo, alisema Ba, afadhali aende akalale.

Nilikuja kusikia redioni, nikiwa mtu mzima, kwamba elimu hiyo inaitwa Ayurveda, ni ya zamani sana na ina vitabu na madaktari wake. Kukhu hakujua habari za vitabu. Alimjua Ba, na Ba hakuwahi kukosea, au ndivyo Kukhu alivyotuambia.

Ba alipofariki, wanawe waliuza nyumba wakahamia ng'ambo. Kukhu alikuja kwetu na kopo la duara la viungo na kichwa kilichojaa masharti. Alipangiwa chumba mlango wa tatu kutoka chetu, kwa maana desturi yetu hairuhusu mama kulala chumba kimoja na mwanawe aliyeoa. Ploti yote, yaani vyumba vyote vya kupanga vilivyozunguka uwanja mmoja, ilikuwa ya Mama Zainabu, Mnubi aliyezaliwa papo hapo Makina, mwanamke mwenye sauti ya juu na moyo mzuri, ambaye aliuza maziwa mlangoni kwake asubuhi na jioni.

Shida ikawa kwamba Ba hakuwahi kula omena. Wala hakuwahi kula ugali, mboga za sukuma na mrenda, mutura ya matumbo au githeri ya mahindi na maharagwe. Kukhu alijikuta na sheria zisizotaja hata chakula kimoja tulichokula sisi. Mtu mwingine angeziacha pale pale. Kukhu aliketi na kazi ya kuzikamilisha. Alionja, alifikiri, alitulisha, halafu alisema, "Toa ulimi nione." Omena aliiweka upande wa moto bila kusita, kwa kuwa ni samaki na tena imeanikwa, jua limeingia ndani yake. Mrenda aliuweka upande wa baridi kwa sababu ya ule utelezi wake. Managu ilikuwa baridi kwa kuwa ni chungu, na Ba alimfundisha kwamba uchungu hupoza. Sukuma ilimsumbua sana. Kwa muda mrefu ilikuwa baridi, baadaye ikawa moto, mwishowe akaamua haina upande, na nadhani aliamua hivyo kwa kuwa tuliila kila siku na hakuona mtu akibadilika.

Baba alipenda kumchokoza. "Mama, na bia uliiweka wapi?"

"Bia iko moto," Kukhu alijibu, akichambua mboga. "Na yako wewe iko moto mara mbili."

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake, kama mabati manne na gogo la kukalia yanaweza kuitwa karakana, ilikuwa Kawangware, upande unaoitwa Congo, na kila siku alienda huko kutengeneza mageti na grili za madirisha ya wenye ploti. Alikuwa mwembamba, macho mekundu kwa mwanga wa kazi, na usingizi wake ulikuwa mwepesi sana. Kukhu alisema yeye ni wa moto tangu tumboni. Alimzaa kijijini mchana wa Januari, wakati wa kiangazi, nyasi zimekauka hata ng'ombe wanakohoa, kisha mtoto akakua na kwenda kutafuta kazi ya moto juu ya moto. Hilo lilimsikitisha kwa kweli. Kila jioni alimwekea baba kikombe cha mala, maziwa ya mgando, aliyoizimua kwa maji, akatia dania iliyotwangwa na bizari nyembamba iliyokaangwa. Alikiita chasi, kama alivyosikia kwa Ba. Baba alikinywa huku amefumba jicho moja, kwa kumfurahisha.

Sitaki mtu adhani kwamba tulimcheka. Siku moja wakati wa jua kali nilikula karanga za kukaanga, nikala na omena iliyokauka vizuri, na Kukhu akaniambia, "Wewe mtoto una mwili wa moto kama baba yako. Damu itakutoka." Kabla ya saa kumi nilikuwa nimeinama juu ya karai na damu inanitiririka puani, na mama anapiga kelele. Kukhu hakupiga kelele. Aliniwekea kitambaa kibichi utosini, akanipa tango nile polepole, na damu ikakoma. Najua leo kwamba damu ya pua hukoma yenyewe. Siku ile niliona muujiza, na ploti nzima iliuona pamoja nami. Wanawake wakaanza kuja na watoto wenye vidonda vya mdomo na vipele vya joto. Hata Mama Zainabu, ambaye alikuwa na dawa zake za Kinubi na hakuwa mtu wa kukubali haraka, alimuuliza kama halua ni moto.

"Moto sana," Kukhu akasema.

"Basi nitakufa nayo," akajibu Mama Zainabu, na wote wakacheka.

Namkumbuka Kukhu wa siku hizo akiwa na furaha. Kabla ya kula aliomba kwa sauti, akimshukuru Mungu kwa kuumba kila ugonjwa pamoja na kinyume chake. Aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Aliamini kwamba hakuna mtu anayetupwa duniani bila kupewa, mahali fulani karibu naye, kitu cha kumponya, na kazi ya mwanamke mwenye akili ni kukitafuta.

Halafu baba alianza kukohoa.

Kikohozi hakikuanza kwa kishindo. Kilianza kama vumbi la kazi, na baba mwenyewe alisema ni vumbi la kazi. Lakini jioni mwili ulipata joto, na asubuhi mama alianika shuka lililolowa jasho. Suruali ikaanza kumshinda kiunoni. Kukhu alimgusa paji la uso, akamgusa nyayo, akasema moto wa karakana umeingia ndani na umekosa njia ya kutokea. Mama alisema ni kliniki. Baba aliwatazama wote wawili, na kwa mara ya kwanza hakuchokoza mtu. Alienda kliniki.

Alirudi na dawa za TB, za kumeza kila siku kwa miezi sita bila kuacha. Hizo ndizo habari alizotupa. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, hasa maneno ya mwili wake, na siku hiyo alitupa machache kuliko kawaida. Mimi leo nafanya kazi katika duka la dawa na najua mambo ambayo muuguzi humwambia kila mgonjwa wa aina hiyo. Humwambia ale vizuri: mayai, nyama, maharagwe, samaki. Humwambia kwamba mkojo utageuka rangi, utakuwa mwekundu au wa rangi ya chungwa, ni rangi ya dawa tu, asiogope. Naamini baba aliambiwa. Lakini ni mwanamume gani wa kwetu atakayekaa chini na kumweleza mama yake mzazi habari za mkojo wake?

Mama alikuwa na kibanda cha nguo za mitumba soko la Toi. Aliondoka mapema kuwahi marobota yakifunguliwa na alirudi giza likiingia. Mchana baba alibaki mikononi mwa Kukhu. Alikuwa dhaifu, na choo cha ploti kilikuwa mbali kwake, hivyo alitumia ndoo, na Kukhu ndiye aliyeitoa kila asubuhi.

Nilikuwa naosha viatu vya shule alipotoka na ile ndoo mara ya kwanza baada ya dawa. Alisimama katikati ya uwanja. Akaiinamisha kidogo kuelekea kwenye mwanga. Kisha akaiweka chini, akaketi kwenye jiwe la kufulia.

"Kukhu, ni nini?"

"Baba yako anaungua," alisema. "Angalia mwenyewe. Anaungua ndani."

Niliangalia. Mkojo ulikuwa mwekundu kama chai iliyokosa maziwa. Nilikuwa mtoto na nilifundishwa na yeye, na mimi pia niliona moto.

Kukhu hakumnyang'anya baba dawa siku hiyo. Watu wengine wakisikia kisa hiki humfikiria kuwa mzee mjinga aliyechukia hospitali, na mimi huumia, kwa sababu sivyo alivyokuwa. Aliziheshimu dawa. Alisema tu kwamba zimepikwa kwa ukali, kama pilipili, na kwamba aliyezitengeneza hakujua kuwa mwanawe Wafula ana mwili wa moto. Kwa hiyo akaanza kupigana na moto wa dawa. Alizichukua zile pakiti akazifunga kwenye kitambaa na kuziweka chini ya mtungi wa maji, kwenye mchanga uliolowa, zipoe. Baba alimeza dawa iliyotoka hapo, ikiwa na unyevu, na juu yake akanywa chasi. Alipikiwa mrenda, ndengu, wali laini, matango. Omena ilikatazwa. Nyama ilikatazwa. Mama aliporudi na mayai kutoka Toi, aliyoyanunua akijinyima chakula cha mchana, Kukhu aliyapokea kwa shukrani, na asubuhi akampelekea Mama Zainabu wabadilishane na maziwa.

Nimefikiri sana juu ya mayai hayo. Nyumbani kwa Ba, kitu kikiondolewa mezani kwa ajili ya mgonjwa, kingine kilikuja mahali pake. Kulikuwa na samli, lozi, maziwa mazito, matunda ya kila aina kwenye bakuli. Masharti yale yalitungwa na watu waliokuwa na meza iliyojaa, na kazi yao ilikuwa kuchagua. Sisi hatukuwa na cha kuchagua. Ukiondoa yai kwetu, sahani inabaki na nafasi ya yai. Kukhu hakuliona hilo, na sijui angelionaje, kwa maana alikuwa amekula maisha yake yote kutoka kwenye sahani ya namna hiyo na kupika maisha yake yote kwa ajili ya ile nyingine.

Na kibaya zaidi ni kwamba baba alipata nafuu.

Kikohozi kilipungua. Jasho la usiku likakatika. Akaanza kukaa nje, akapata tena sauti yake ya zamani, akamuuliza Mama Zainabu kama bado anakusudia kufa na halua. Dawa zilikuwa zinafanya kazi yake, lakini hakuna aliyeziona zikifanya kazi. Tuliona chasi. Tuliona mrenda. Majirani walimwambia Kukhu, "Mama, umetuokolea jirani," na yeye alijibu kwamba si yeye, ni Mungu na ni Ba. Kanisani alitoa ushuhuda. Nilikaa karibu naye nikiona fahari kubwa.

Kiangazi kikaingia, na mabati ya paa letu yakawa hayashikiki. Baba alianza kulalamika miguu. Ilimchoma nyayoni kana kwamba amesimama juu ya jivu, alisema, na akawa anaitumbukiza kwenye beseni la maji. Leo najua kwamba moja ya dawa zile huweza kufanya hivyo, na kwamba kuna kidonge kidogo cha vitamini cha kuzuia, cha kuombwa tu pale kliniki. Hakuna aliyeomba. Kukhu alipiga magoti mbele ya lile beseni, akazishika nyayo za mwanawe na kuzipaka samli, na alipoinua uso ulikuwa umelowa machozi.

"Wafula, mwanangu, umepona. Ugonjwa umeisha. Hii sasa ni dawa inakuchoma."

"Walisema miezi sita, Mama."

"Walisema, lakini wao wako hapa? Wanaona hii miguu? Tupumzishe mwili mpaka mvua inyeshe. Mvua ikinyesha, dunia ikipoa, utameza zote."

 Nilimwona baba akitazama miguu yake. Alikuwa amechoka kuchomwa, alijisikia mzima, alitaka kurudi kazini, na aliyekuwa akimsihi ni mama yake aliyepiga magoti. "Basi usimwambie Mama Nekesa," alisema. "Atapiga kelele bure." Nekesa ndiye mimi.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja Kukhu alitoka na ndoo, akasimama palepale uwanjani, akaiinamisha kwenye mwanga, na nikasikia kigelegele. Kukhu, ambaye hakupiga vigelegele hata harusini kwa sababu alisema ni kelele, alipiga kigelegele saa moja asubuhi akiwa ameshika ndoo ya mkojo. Aliniita kwa jina. Ulikuwa mweupe kabisa, safi kama maji ya bomba. Moto ulikuwa umezimika.

"Umeona?" alisema. "Umeona, mtoto wangu? Moto umetoka wote!"

Alinikumbatia, na mimi nikacheka naye. Mama Zainabu alitoka na kanga yake kuuliza kuna nini, na alipoambiwa alisema alhamdulillahi. Nikikumbuka utoto wangu wote, sikumbuki asubuhi yenye furaha zaidi ya ile.

Baba aliendelea kwenda kliniki kuchukua pakiti zake, kwa kuwa asipoenda wangemtafuta. Alizileta, Kukhu akazipoza. Akarudi karakanani Congo akachomelea geti moja, halafu la pili. Kisha mvua za masika zikaja, dunia ikapoa kama Kukhu alivyosema, na usiku wa kwanza wa baridi kali baba akakohoa damu.

Asubuhi mama hakwenda Toi. Alitafuta dawa kila mahali chumbani mwetu, akaenda kwa Kukhu, akainua mtungi. Pakiti zilikuwa hapo zimejaa kitambaani, zimelowa. Vidonge vilikuwa vimeshikana na kuvimba, rangi imetoka na kuingia kwenye nguo.

"Mama," alisema mama, "hizi ni nini?"

Kukhu alikuwa ameshika kisu na tango. "Nilikuwa nazipoza," alijibu. "Nilimwambia mvua ikinyesha atameza zote."

 Nilisubiri mama amtukane. Badala yake alizikunja zile dawa zilizovimba ndani ya kitambaa, akazishika mkononi hadi hospitali, na baba akiwa ameegemea bega lake. Huko waliambiwa kwamba, kwa kuwa dawa zilikatizwa, ugonjwa umezizoea. Sikuelewa ugonjwa unawezaje kuzoea kitu. Nilidhani ni watu tu wanaozoea. Alipewa nyingine, za sindano, zilizomfanya asisikie vizuri, na akalazwa. Kukhu alikwenda kumwona kila siku akiwa amebeba chasi kwenye chupa ya plastiki. Wauguzi walimzuia kuingia nayo, akainywa mwenyewe nje ya geti ili isiharibike.

Baba alifariki kabla ya mvua za vuli. Tulimzika nyumbani Magharibi. Watu walipouliza, Kukhu aliwaambia ni moto wa kazi yake, na macho yao yakamgeukia mama athibitishe, naye, aliyejua habari za mtungi, akatazama chini. Hakusema neno kaburini, hakusema kwenye basi, hakusema tulipohamia Kawangware chumba cha bei ya chini, na alipotakiwa na ukoo amwache Kukhu kijijini alikataa na kuja naye. Nilipokuwa mkubwa wa kutosha nilimuuliza kwa nini hakumwambia Kukhu ukweli. Alikuwa anakunja nguo za mitumba. "Nimwambie ili iwe nini?" alisema. "Wafula atarudi?" Akaendelea kukunja. Sasa mama naye ameshaondoka, na jibu lake ni hilo tu.

Kukhu hakupika tena kwa sheria. Alikula alichopewa, cha moto au cha baridi, bila kuuliza, na hilo lilinitisha kuliko kama angelia. Aliishi miaka mingi. Aliishi mpaka mimi nikamaliza kozi yangu na kuajiriwa dukani, mpaka akawa hawezi kutembea zaidi ya mlangoni.

Alasiri moja wahudumu wa afya wa mtaa walipita kwenye ploti yetu wakifundisha watu juu ya TB. Nilikuwa nyumbani siku hiyo, nachambua mboga za terere. Kijana mmoja mwenye fulana ya kazi alisimama uwanjani akaeleza vizuri sana, kwa Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, na kwa utani, na wasichana wakawa wanacheka. "Wasee, mkojo ikibadilika color, iwe red, usipanik," alisema. "Hiyo ni dawa inado job. Ukiacha dawa juu ya hiyo, umejimaliza." Kukhu alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Nilitaka kusimama nimwingize ndani, lakini alikuwa ameshasikia.

Walipoondoka Kukhu alibaki kwenye kiti mpaka jua likahama kutoka miguuni mwake.

"Nekesa."

"Ee, Kukhu."

"Wewe unauza dawa. Hutanidanganya." Hakunitazama. "Ni mimi?"

Nilijua siku moja ataniuliza. Nilitazama zile nywele zake nyeupe na mikono iliyopaka miguu ya baba samli. "Hapana, Kukhu," nilisema. "Ugonjwa ulikuwa mkali. Hata angemeza zote, ungemshinda. Si wewe."

Alifikiri juu ya maneno hayo kwa uangalifu, kama alivyokuwa akifikiri zamani juu ya sukuma.

"Kama si mimi, basi ni Mungu," alisema. "Heri iwe mimi."

Aliishi miezi michache baada ya hapo, na alisali kila siku hadi mwisho, kwa sauti ileile. Mtu akiniuliza imani ile ya moto na baridi ilitufanyia nini, najua jibu analotaka: kwamba ilimuua baba. Ni kweli, ilichangia, pamoja na aibu, na karakana, na kliniki isiyokuwa na muda wa kuongea na mama wa mgonjwa. Lakini mimi nikiwa nimesimama dukani, nikimweleza mteja kwamba asiogope rangi, simwoni baba. Namwona mwanamke mzee anayejichukulia kosa lote kwa mikono miwili ili amwache Mungu wake akiwa safi. Nilitaka kumwondolea kosa hilo, naye hakuliachia.

Siku ile niliokota zile terere nikaingia ndani kupika.